Kopo la Norjmaa

Karatasi inasema siku ile sikupita.
Tarehe kumi na tisa, mwezi wa pili,
baridi ya kupasua vioo,
nami nimebeba tani tisini za makaa
kutoka shimo la Khar Suvag hadi mpakani,
dizeli ikiganda kama shahamu ya mkia wa kondoo.
Karatasi ina muhuri.
Mimi nina mgongo unaouma.
Niambieni, nani kati yetu aaminiwe?

Norjmaa aliniona.

Yeye huuza chai ya maziwa, ya chumvi,
katika hema la sufi, hatua arobaini kutoka barabarani.
Ana kopo lililokwisha unga
na mfuko wa vifupa vya vifundo vya kondoo,
vile watoto wa Gobi huchezea siku za theluji.
Gari likipita limejaa, kifupa kimoja: ting.
Likirudi tupu, hadondoshi kitu.
"Utupu hautozwi kodi," husema, akinimiminia.
Jioni humwaga kopo juu ya blanketi,
huhesabu, huandika
katika daftari la bintiye, nyuma ya hesabu za kuzidisha.

Sisi madereva tulimwita Waziri wa Mifupa.
Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani.

Kisha, kwa mara ya kwanza, ofisi ya wilaya
ikabandika orodha nyuma ya kioo:
magari, tani, mrabaha, fungu letu.
Norjmaa akaenda kwa pikipiki ya mpwa wake,
kopo mapajani kama mtoto mgonjwa.
Orodha: magari mia nne na kumi na mawili.
Kopo: magari elfu moja na sita.

Afisa Luvsandash akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mama, mifupa haina muhuri."
"Na muhuri hauna mifupa," akajibu.
"Ndiyo maana unapinda."

Mali bila daftari huisha bila habari,
hilo kila mwenye duka analijua.
Lakini mali hii ilikuwa na madaftari mawili,
na habari ilibaki katika lile la kabatini.

Usiku ule nililala kwenye usukani, macho wazi.
Mia tano tisini na nne.
Nami nilikuwemo humo,
mzimu unaolipwa kwa bahasha
kila safari ya usiku iliyoukwepa mzani.
Bahasha zile zilinunua buti za mwanangu.
Akizivaa huenda shule
ambako mwalimu huwasha jiko kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe,
na makaa yanapita dirishani,
yanapita,
yanapita.
Kisima kimo kwenye bajeti.
Maji hayamo kwenye kisima.

Nikampelekea vitiketi vya mzani wa mgodini,
arobaini na kimoja, nilivyovificha chini ya kiti
bila kujua ninamfichia nani.
Nilidhani atanishukuru.
Alinyosha kimoja kimoja kwa kiganja,
akafungua daftari ukurasa mwingine:
"Chai za mkopo, kumi na saba. Lipa kwanza."

Siku hizi siendeshi tena. Naziba pancha
kando ya hema lake, mikono imeota sugu mpya.
Luvsandash amehamishwa; kuhamishwa si kufungwa.
Katika kioo ipo orodha nyingine:
magari mia tisa na themanini.
Watu husimama mbele yake na vidole vyao,
wachungaji, wauguzi, hata yule mlevi wa posta,
wakisoma kwa sauti kama wanaosoma barua ya ndugu aliye mbali.

Kopo: mia tisa tisini na tatu.

"Wamejitahidi," nikasema.
Norjmaa hakuinua uso.
Alitenga vifupa kumi na vitatu pembeni mwa meza,
akavipanga mstari, vikielekea barabarani.
Mpaka leo hajavirudisha mfukoni.
Wateja huweka vikombe vyao kwa uangalifu,
wasije wakaviangusha.